Barakoa ya Mlangoni

Msumari ule bado upo kwenye fremu ya mlango wa chumba cha uani, nyumbani kwangu Makoko. Nimewahi kuchukua koleo ili niung'oe, nikasimama mbele yake, kisha nikarudisha koleo jikoni. Wageni huniuliza kwa nini nisitundike kalenda hapo, au pochi, au hata funguo. Nawajibu kwamba msumari huo hautundikwi kitu. Wanacheka wakidhani natania.

Wakati ugonjwa uliporudi, mimi nilikuwa na hasira hata kabla haujapiga hodi kwangu. Nauza vitambaa dukani kwangu Iringo, na katika vitambaa hivyo kuna bafta, ile pamba nyeupe ambayo watu hununua kwa ajili ya sanda. Sikuhitaji redio kunieleza hali ya mji. Wiki moja nilikata bafta nikaweka mkasi chini, wiki iliyofuata mkasi haukupumzika. Waliokuja kununua walikuwa na macho mekundu, na nilipowauliza marehemu alikuwa anaumwa nini, hakuna aliyesema korona. Walisema changamoto ya upumuaji. Mwingine alisema nimonia. Mwingine alisema presha, halafu akaongeza kwamba alikuwa anakohoa kidogo. Nilikuwa nakata kitambaa na kusaga meno. Mtu amezika ndugu wawili, na bado anaona aibu kulitaja lililowaua.

Kila mtu alikuwa na elimu yake. Kulikuwa na mteja aliyevaa barakoa vizuri njia nzima, akifika kwenye meza yangu anaishusha kidevuni ili tupatane bei, kana kwamba ugonjwa haupendi biashara. Kulikuwa na jirani wa duka aliyejifukiza majani ya mwarobaini na mchaichai kila asubuhi, akaja kazini ameiva uso, anatoa jasho, na kunishika mkono kwa nguvu kunithibitishia kwamba yeye hawezi kuupata. Na kulikuwa na mdogo wangu wa kiume, mwenye duka la spea za pikipiki Bunda, ambaye kwake yote haya yalikuwa kichekesho.

"Dada, wewe ndiyo waziri wa afya wa Makoko," alikuwa ananiambia kwenye simu. "Tunasubirigi hotuba yako tu."

Nilimkatia simu mara nyingi kipindi kile. Alikuwa anapiga tena na kuendelea pale pale alipoishia.

Sikuwa napigania dunia nzima. Nilikuwa napigania mtu mmoja. Mama yetu alikuwa Butiama, mgonjwa wa kifua wa miaka mingi, na wimbi la kabla ya hilo lilikuwa limemlaza hospitali na mpira wa oksijeni puani. Siku ya kuruhusiwa, daktari alinivuta pembeni akaniambia waziwazi: mapafu ya mama yenu hayatahimili mara nyingine. Maneno hayo niliondoka nayo na sikuwahi kuyaweka chini. Kwa hiyo bafta ilipoanza kuisha dukani, nilimpigia mdogo wangu nikamwambia aende na gari amchukue mama, amlete kwangu. Butiama watu wanaingia na kutoka ndani ya nyumba ya mama bila hodi, na mimi nikiwa mbali ningewazuiaje?

Mama alikuja na sanduku lake la bati, lile la bluu lenye kufuli dogo, na hasira zake. Hakutaka kuja. Alisema namfungia jela mjini wakati mihogo yake inahitaji kumenywa.

Siku chache baadaye nilimpeleka kliniki. Getini kulikuwa na mlinzi na ndoo ya maji yenye koki, na agizo kwamba asiye na barakoa haingii. Mimi na mama tulikuwa nazo. Mbele yetu alikuwapo mama mmoja aliyebeba chakula cha mgonjwa, hana barakoa. Mlinzi akamzuia. Yule mama hakubishana. Alisimama pembeni, akamngoja kaka mmoja aliyekuwa anatoka wodini, akamwambia, "Kaka, niazime." Yule kaka akaivua barakoa yake usoni, akampa, akaenda zake. Yule mama akaivaa ikiwa bado na joto la mdomo wa mwenzake, mlinzi akamfungulia njia.

Nilipasuka. Nilimuuliza mlinzi kama ana akili timamu. Nilimuuliza anazuia nini pale getini, ugonjwa au sura za watu. Watu walisimama kututazama. Mlinzi alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma zaidi.

"Mama, mimi nimeambiwa asiyekuwa na barakoa asipite," alisema. "Huyu anayo."

Mama alinivuta upindo wa kanga. "Acha kugombana na watu sababu ya kitambaa," alisema. "Si ameazimwa? Kuna ubaya gani kuazimana?" Nilimwambia kwamba ubaya ni mkubwa, na kwamba barakoa si sawa na jembe. Sidhani alinisikiliza. Alikuwa anaangalia geti, na watu wanaotoka wakiwavulia wanaoingia, na ninajua sasa kwamba alikuwa anajifunza.

Huko nyumbani tatizo lilikuwa wageni. Kwetu mgonjwa haachwi. Ukisikia mtu anaumwa na hukuenda kumwona, utasemwa hadi kwenye harusi ya mwanao. Habari kwamba mama yuko Makoko ilipofika Butiama, watu walianza kuja, na kila aliyekuja alikuja na kitu: kuku, mayai kwenye mfuko wa pumba, furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, waliofungwa kwenye gazeti. Nilijaribu kuwazuia kwa simu. Wajomba walinuna. Mama mwenyewe alilia, akasema, "Mnanizika kabla sijafa." Nikashindwa. Nikaenda duka la dawa nikanunua boksi zima la barakoa, nikaliweka mezani sebuleni, nikatangaza sheria kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia.

"Hizi ni za wageni. Hakuna mtu kuingia kwa mama bila barakoa. Hakuna!"

Nilisema pia kila mtu achukue yake. Nilisema. Nimejirudia maneno yale kichwani mpaka yamechakaa, na bado naamini nilisema.

Asubuhi ile nilikwenda Iringo nikiwa na amani kidogo. Mdogo wangu alikuwa njiani kutoka Bunda, na mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa anakuja na basi la asubuhi kutoka Butiama. Huyo ndiye aliyetulea wakati mama akienda shamba, na kwake nilijua mama atachangamka. Nilirudi mchana na bodaboda, nimebeba samaki sato wa kumkaangia mama mkubwa.

Niliingia kwa mlango wa uani. Mlangoni pa chumba cha mama kulikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa wageni wanne, kimya, wameshika mikono mapajani kama watu wanaosubiri kunyolewa. Mlango ukafunguka. Mdogo wangu akatoka. Akavua barakoa, akaitundika kwenye msumari mpya uliopigiliwa kwenye fremu, akakohoa, akasogea. Aliyefuata kwenye benchi akasimama, akaitoa barakoa ile ile msumarini, na kuanza kupitisha kamba zake nyuma ya masikio. Alikuwa mama mkubwa. Alishaingia kwa mama tangu asubuhi, akatoka kunywa maji, na sasa alikuwa anarudi.

Nadhani hata nyinyi mnayaona yale ninayoyaona mimi hadi leo. Kwenye nyumba zetu mlangoni pa choo huwa kuna kandambili. Anayeingia anazivaa, anayetoka anaziacha pale pale, na hakuna mtu anayeuliza ni za nani, kwa sababu si za mtu, ni za mlango. Ndivyo walivyokuwa wameifanya barakoa. Walikuwa wanatii sheria yangu kwa unyenyekevu kabisa, mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi, pua kwa pua na mdomo kwa mdomo, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeloa na kulegea.

Samaki aliniponyoka. Nilimrukia mama mkubwa, nikamnyang'anya barakoa usoni, nikaenda nayo hadi kwenye jiko la mkaa nikaitumbukiza. Ilinuka vibaya. Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa bado amesimama na mikono yake masikioni, pale kamba zilipokuwa.

"Mwanangu," alisema, "si ni wewe uliyesema tusiingie bila hii?"

Nilimgeukia mdogo wangu. Nilimuuliza nani amepigilia msumari ule.

Alitazama mlango wa chumba cha mama, ambao ulikuwa wazi kidogo. Kisha akasema, "Mimi dada."

"Na boksi liko wapi?"

"Nimelipeleka kwenye gari. Nilitaka kuwapa wateja wangu wa Bunda."

Niliyomwambia siwezi kuyaandika yote. Nilimwita mpumbavu, nikamwita muuaji, nikamwambia kicheko chake kitaisha siku tutakapomzika mama. Yeye, ambaye hakuwahi kukosa la kunijibu tangu tukiwa watoto, alisimama tu anaangalia samaki kwenye vumbi. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, punguza sauti, mama asipandwe na kifua." Nikaona ananifundisha kumjali mama. Nikazidi, na mama kule ndani akadhani ni ugomvi wetu wa siku zote.

Mama mkubwa alikuwa anafunga mkoba wake. Nilimwambia akae, chakula kinakuja. Akaniuliza swali moja tu, kwa lugha ya kwetu, ambayo hutumia akiwa na jambo zito. Aliuliza kama nimeichoma kwa sababu aliivaa yeye. Nikamwambia hapana mama mkubwa, nikaanza kueleza habari za mate na pumzi na virusi, kwa hasira zile zile, kama mwalimu mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Haya. Nimeelewa kwamba nanuka." Akaondoka hajatia kitu mdomoni. Mgeni wa kwetu kuondoka bila kula ni zaidi ya kukupiga kofi. Nilimwacha aende kwa sababu nilikuwa sahihi, na mtu aliye sahihi kwa hasira hana muda wa kumsindikiza mtu stendi.

Zilipita siku nilizokaa namsikiliza mama usiku na mchana, nikihesabu pumzi zake. Hakupata kitu. Hata mafua hakupata. Hakuwahi kuivaa barakoa ile ya msumarini, alikuwa na yake, na dirisha la chumba chake nililiacha wazi muda wote, upepo wa ziwani ukapita. Nikaanza kupumua. Ndipo simu ikapigwa kutoka Butiama kwamba mama mkubwa anakohoa.

Walimfukiza. Walimfunika blanketi juu ya sufuria, yeye na wajukuu wake, mara nyingi kwa siku. Niliwapigia kelele kwenye simu wampeleke hospitali, wakaniambia mambo ya mjini nibaki nayo mjini. Walipompeleka, alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Nesi alimwekea simu sikioni ili niongee naye. Nilimwomba radhi, nikamwambia hanuki, nikalia. Sijui kama alisikia. Nilisikia pumzi zake tu, fupi fupi, kama za mtu anayepanda mlima na mzigo. Alfajiri walinipigia.

Nilijua walichokuwa wanakisema msibani kabla sijafika, na nilipofika nikakisikia kwa masikio yangu. Barakoa ndiyo imemuua. Alikwenda mjini mzima, akavalishwa barakoa, akarudi mgonjwa. Si mnaona sasa? Hizi barakoa zina kitu. Walisema hivyo wanawake waliokuwa wanapepeta mchele, walisema wanaume chini ya turubai, na walinitazama mimi niliyekuja na barakoa usoni na kukataa mikono yao. Hasira niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena. Walikuwa wamekosea kabisa, na walikuwa wamepatia. Ningewaelezaje watu hawa kwamba ni kweli ilikuwa ile barakoa, lakini si barakoa?

Mama hakuwepo. Nilimkataza kuja. Nilimfungia, niseme ukweli, nikamwachia jirani ufunguo. Alinipigia magoti, mama yangu mzazi, akiniomba akamtupie dada yake udongo, nikamwambia hapana. Kama kuna mtu anadhani lilikuwa jambo jepesi, ajaribu.

Kwa hiyo hasira yote ile niliimwagia mtu mmoja. Tulikuwa tumetoka makaburini, watu wananawa mikono. Mdogo wangu alikuwa karibu na sufuria za chakula akisaidia kugawa. Nilimwendea, mbele ya shangazi zetu, mbele ya watoto wa marehemu, nikasema kwa sauti: "Mnatafuta kilichomuua mama yenu? Muulizeni huyu. Niliweka barakoa za kutosha kila mtu, yeye akazichukua akapeleka dukani kwake, akawatundikia moja kwenye msumari mpokezane kama kandambili za chooni. Huyu hapa."

Mtoto mkubwa wa marehemu aliweka sahani yake chini. Mdogo wangu alishika upawa, akanitazama kwa muda, na mimi nilisubiri mzaha wake. Ningefurahi angenitania, ili nimrarue.

"Ni kweli," alisema. "Nimekosa. Mnisamehe."

Baadhi hawakumsamehe. Nasikia mpaka sasa akifika Butiama kuna nyumba mbili ambazo hawamkaribishi ndani. Siku ile niliondoka nikiona haki imetendeka.

Nilimkuta mama Makoko amekaa uani kwenye mkeka, amechoka kulia. Hakuniuliza kuhusu mazishi. Baada ya muda aliniomba nimletee kanga aliyopewa na dada yake wakati fulani wa Idi, zawadi kutoka kwa jirani wa Kiislamu ambayo mama mkubwa aliigawa, kipande chake na kipande cha mdogo wake. Alitaka kujifunika nayo. Akafungua fundo la kitenge chake, akanipa ufunguo wa sanduku la bati.

Nililifungua. Mama ni mtu wa kutunza. Kikombe kipya kwake kinakaa kabatini kikisubiri mgeni ambaye hajazaliwa, na shuka la zawadi linazeeka likiwa na lebo yake. Kwa hiyo sikushangaa kuona kanga zimekunjwa vizuri na vipande vya sabuni katikati yake. Kanga niliyotumwa ilikuwa chini. Niliivuta, na chini yake, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili lisipate unyevu, lilikuwepo boksi la barakoa. Boksi langu. Lilikuwa limefunguliwa upande mmoja na kutolewa barakoa moja tu.

Nilikwenda nalo hadi mlangoni. "Mama," nilisema, "na hizi?"

Uso wake ukapata nuru kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nilikutunzia," alisema. "Si ulisema ni za wageni? Pale mezani zingechafuka, na watu wangeondokaga nazo. Nikatoa moja ya kuvaa wakiingia, kama walivyokuwa wanafanya kule getini. Nikamwambia mdogo wako anipigilie msumari." Akanyoosha mkono kupokea kanga. "Hata moja haijaharibika, mwanangu. Mpe na mdogo wako chache. Yule hajali kabisa."

Nilimpa kanga. Alijifunika kichwa chote, akajilaza kwenye mkeka, na kifua chake kikawa kinapanda na kushuka taratibu, kifua kile kile nilichokipigania na watu wote. Nikakitazama na kujiuliza kama kingehimili kuambiwa.

Nilitoka hadi barabarani nikampigia simu mdogo wangu. Nilikuwa na hasira naye kuliko siku zote. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemtuma kubeba mzigo ule, na kwa nini aliniacha nimtangaze mbele ya watoto wa marehemu, na kama anajua nitaishije sasa. Alipopokea, nilisikia pikipiki zikiungurumishwa dukani kwake, na fundi akiomba spana.

"Dada?" alisema. "Umefungua sanduku la mama?"

"Nimefungua."

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Alimwelekeza kwanza fundi wake ilipo spana.

"Basi lifunge," akasema.